Haleluya ya Fundi Cherehani

Jumapili hiyo fundi cherehani alitakiwa kusimama mbele ya kanisa, atoe ushuhuda kwamba mumewe ameacha pombe. Akishasema tu, mumewe angesimikwa mzee wa kanisa, na baada ya hapo nani angemsikiliza fundi akija na jicho lililovimba? Mwanaume mwenyewe hakuwa ameacha hata glasi moja. Alichoacha ni kunywa hadharani.

Mchungaji alishampangia kila kitu. Aanze na haleluya, na kila atakapokwama aseme haleluya, watu wataitikia amina, na mambo yatakwenda.

Jumamosi mjomba wake, mwalimu mstaafu wa dini, alileta suruali ipunguzwe kiuno. Fundi akamuuliza, pini zikiwa bado mdomoni, haleluya hasa ni nini.

"Ni Kiebrania, mwanangu. Limetoka kwenye zaburi. Mtu anawaambia wenzake: msifuni Mungu. Basi."

"Na kama ninayemsifu siye Mungu?"

Mjomba akasema neno hilo limetoka mbali, limepita vinywa vya watu wengi bila kutafsiriwa, na halikuwekwa kwa ajili ya kumsafisha mlevi. Alijua, bwana. Ukoo mzima ulijua. Hata hivyo alimsihi avumilie, wasije wakaaibika, akakunja suruali yake akaenda zake.

Kesho yake fundi alishika kipaza sauti. Mumewe alikuwa kiti cha mbele, ndani ya suti aliyomshonea yeye mwenyewe. Fundi alikuwa ameapa moyoni kwamba lile neno hatalitaja.

"Bado anakunywa," alisema. "Na ananipiga."

"Amina!" kanisa zima likaitikia, kama lilivyozoea. Kinanda kikadakia.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Makofi yakammeza, na vigelegele juu yake. Waliokaa mbele walisikia vizuri tu. Alimwona mjomba akiinama, akijishughulisha na kiuno cha suruali yake. Mumewe alipanda akitabasamu, akamshika bega palepale palipokuwa pakiuma tangu juzi. Mchungaji akachukua kipaza sauti, akanyoosha mkono juu.

"Haleluya!"

Fundi aliuma meno. Lakini Jumapili za miaka ishirini si mchezo, na mdomo ukamtangulia.

"Amina," ulisema.