Kioo Kitupu cha Daktari Sanga

Kwa miaka mitatu Hadiya alikuwa akiitumikia ile leza, na katika miaka hiyo Daktari Sanga hakuigusa ila siku za wageni. Siku hizo ndipo alipovaa koti jeupe lililopigwa pasi, akasimama mbele ya mashine kama mwenye nyumba.

Maabara yao ilikuwa chumba kimoja katika chuo kidogo cha Kilifi. Walitengeneza utando wa grafini: kaboni iliyolala tabaka juu ya tabaka, kila tabaka lina unene wa atomu moja, juu ya kipande cha kioo. Walitaka kuutia kwenye kifaa cha kupima chumvi katika visima vya Watamu. Utando ulianza na matabaka manne au matano, na leza ikayachoma ya juu hadi likabaki moja la chini, lililopona kwa kuwa joto lake huzama kwenye kioo. Moto ukipungua, matabaka hubaki mengi. Ukizidi, hakibaki kitu. Kiasi hicho Hadiya alikijua. Sanga alijua kuhutubia. Asubuhi ile alikuwa amemwuliza tarakimu mbili tatu akaziandika kiganjani, na sasa jasho lilikuwa likizifuta.

Wageni walikuwa saba, na mkubwa wao Bi. Zipporah, mhandisi wa maji, mama mzima mwenye miwani mizito.

"Shikamoo, mama," alisema Hadiya.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwenye mashine?"

"Huyu ni msaidizi wangu," Sanga akadakia. "Kazi yake kubonyeza tu."

Kisha akaishika swichi ya nguvu, akaizungusha hadi karibu na mwisho.

"Daktari, hapo utauchoma wote," Hadiya alimnong'oneza.

"Usinifundishe kazi mbele ya watu."

Hadiya akarudi nyuma hatua moja. Hakuona haja ya kusema mara ya pili. Mwali ulipita kwenye kioo kwenda na kurudi, na vumbi la kijivu likapepea. Kilichobaki kilikuwa kioo cheupe pe, kama cha dirishani. Sanga alikiinua kwenye mwanga, macho yakimmeta.

"Mwaona? Tabaka moja! Jembamba hata jicho halilioni!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akakisogelea kile kioo kwa adabu, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema kweli elimu ni bahari. Hadiya aliwatazama watu wazima wanaoshangilia kioo kilichosafishwa, akahisi kicheko kikimpanda kooni, kichungu.

"Hutambuaje kama ni moja, si mawili?" Bi. Zipporah aliuliza.

Sanga alitazama kiganja chake. Hakikuwa na kitu.

"Kwa nuru, mama," Hadiya alijibu. "Kila tabaka hula sehemu mbili na kidogo katika mia. Likiwa moja, hupita kama tisini na saba na nusu."

Alikiweka kioo kwenye kipimo cha nuru, ambacho hakihesabu kioo chenyewe. Tarakimu zikasimama: mia kamili.

"Hapa hapana utando," alisema. "Ni kioo."

"Kipimo kibovu hicho," alisema Sanga, na sauti yake ikawa nyembamba. "Tangu juzi kibovu."

"Kizima, Daktari. Leo asubuhi nimekipima."

Bi. Zipporah alivua miwani, akamtazama Sanga kama mtu anayetazama samaki aliyelala sokoni siku mbili. Kisha akamgeukia Hadiya. "Fanya wewe."

Hadiya alichukua kioo kingine chenye utando, akafanya polepole, nguvu ndogo, akipima kila mzunguko: tisini na moja, tisini na tatu, tisini na tano, mwisho tisini na saba na nusu. Bi. Zipporah aliandika kila tarakimu. Wengine walikwisha kutoka kunywa madafu.

Juma lililofuata Hadiya alihamishiwa ghala la vifaa, kwa barua ndefu yenye maneno makubwa. Hakubisha. Siku ya nne akaja Purity, msichana mpya wa maabara, uso umemshuka.

"Dada, Daktari amechoma vioo ishirini. Ameniambia nikuulize kiasi, lakini nisiseme ni yeye aliyenituma."

Hadiya alicheka hadi akaegemea rafu.

"Keti," akasema. "Nitakufundisha wewe, na kipimo pia. Yeye akikuuliza, mpe tarakimu aziandike tena kiganjani."