Tangi la Mama Pindo

Kikao kilifanyika sebuleni kwake, juu ya makochi yake, na chai iliyonywewa ilikuwa yake, lakini Mama Pindo ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kinahusu nini. Mwanawe wa kwanza alikohoa kidogo, akaweka kikombe chini. Huyu tangu utotoni alikuwa akiwapanga wenzake mstari kabla ya mchezo kuanza, na nyumbani jina lake lilikuwa Mwenyekiti.

"Mama, tumekaa tukaongea. Tangu ulipoteleza bafuni hatupati usingizi. Tumeamua utakaa nusu mwaka kwangu, nusu mwaka kwa mdogo wangu. Nyumba hii tutaipangisha."

Mdogo mwenyewe, binti kitindamimba, alikuwa akiangalia kucha zake.

"Mmeamua," alisema Mama Pindo.

"Ni kwa ajili yako, mama."

"Nimesikia."

Wakaondoka wakidhani amekubali. Walikuwa wamesahau kwamba mama yao alishona magauni ya maharusi mpaka macho yakachoka na uzi mwembamba, na kila mteja wake alijua kwamba fundi akisema "nimesikia" bila kuongeza neno, atashona anavyotaka yeye.

Kesho yake alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa vioo.

"Shemeji, nataka kioo kinene kuliko vyote ulivyowahi kukata."

"Kwani unajikinga na risasi?"

"Najikinga na watoto wangu."

Ukweli ni kwamba alikuwa na hamu ya siku nyingi. Kwa daktari wa meno kulikuwa na tangi la samaki la maji ya chumvi, na ndani yake mwamba mzima wa matumbawe unaopumua, ya zambarau, ya kijani, mengine yakipunga mikono kama watu wanaoaga. Mama Pindo alikuwa akiwahi miadi makusudi ili akae mbele yake. Mumewe kila akiambiwa alijibu, "Tutaona." Alikufa bila kuona. Sasa mjane wake alikuwa na simu yenye video za watu waliojitengenezea matangi majumbani, na alizitazama jinsi wengine wanavyotazama tamthilia, akizirudisha nyuma pale fundi alipokwenda haraka.

Kwanza aliondoa makochi. Akayapakia kwenye gari la mizigo, yakapelekwa kwa Mwenyekiti. Simu ikalia.

"Mama, makochi yamefika. Wewe unakuja lini?"

"Nimewatuma hao waniwakilishe."

Fundi wa kuchomelea akaleta fremu ya chuma, wakaiweka kwenye ukuta mrefu wa sebule. Shemeji akalaza pima maji juu yake, akatia vipande vya bati chini ya miguu hadi kipovu kikatulia katikati. Vioo vilipokuja havikupita mlangoni. Ikabidi wang'oe fremu ya dirisha, na majirani wanaume wakaja kubeba, kila mmoja akiwa na ushauri wake. Jirani wa mkono wa kushoto akauliza kama mama anafungua duka. Jirani wa kulia akasema ni kisima.

Wakaunganisha vioo kwa silikoni, shemeji akishika bomba la gundi, Mama Pindo akifuta kingo na kubandika utepe wa karatasi ili mistari inyooke. Hapo alikuwa kwenye fani yake. Mshono aliujua. Wakaacha gundi ikauke, kisha wakafungulia maji ya bomba ya majaribio, wakavuta stuli, wakakaa kuangalia yakipanda.

Yalipanda vizuri hadi yalipokaribia juu. Kisha kwenye kona ya chini ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayebusu mkono, na mshono ukaachia. Maji yakatoka kwa pamoja, yakakimbia sebule nzima, yakaingia chumbani, yakatoka na kandambili zake hadi barazani. Shemeji aliruka juu ya stuli na kubaki huko.

Walipokagua ile kona wakagundua kosa. Kitambaa alichofutia Mama Pindo kilitoka kwenye kikapu chake cha kushonea, na kilikuwa na mafuta ya cherehani.

"Usinitazame hivyo," alisema.

"Mimi sijasema kitu, shemeji. Nasubiri tu samaki wapite."

Jirani mmoja hakuweza kukaa na habari ile, kwa hiyo Mwenyekiti alifika sakafu ikiwa bado inakaushwa. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya ofisini, akatazama godoro lililoanikwa, akatazama dude la kioo.

"Sasa umeona?"

"Nimeona. Kitambaa kilikuwa na mafuta."

"Mama! Watu wanasema umechanganyikiwa. Mtu wa umri wako anajenga bahari ndani ya nyumba? Mpangaji anakuja mwisho wa mwezi ujao!"

Mama Pindo akakamua tambara ndani ya ndoo, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Nilipokuwa nashona hadi vidole vinatoka damu ili wewe usome, hakuna aliyesema nimechanganyikiwa. Nilipozika mume nikarudi kwenye cherehani, mlisema mama jasiri. Leo nafanya kitu changu kimoja tu, akili imeruka? Nenda, mwanangu. Unakanyaga mahali nilipokwisha kausha."

Akaenda. Mama Pindo akachukua wembe, akaanza kukwangua silikoni yote, kioo kwa kioo. Shemeji alimshauri wazibe ile kona peke yake. Akamjibu kwamba gauni likifumuka begani mbele ya wageni, fundi hafungi pini. Wakasafisha upya kwa vitambaa vipya, wakaunganisha upya. Safari hii walijaza maji wakayaacha, na Mama Pindo akawa anapitisha karatasi laini ya chooni kwenye kila kona, asubuhi na jioni, akitafuta unyevu. Hakuupata.

Ndipo ikaja kazi ya subira. Akachuja maji, akakoroga chumvi ya bahari kwenye pipa, akapanga mawe yenye matundu hadi yakawa kama mlima wenye mapango. Muuza samaki wa mapambo alimwonya asitie hata konokono kwanza. Maji mapya ni sumu hadi vijidudu vizuri vizaliane. Akawa anayapima kwa vichupa vya dawa, akilinganisha rangi. Wakati huo mawe yakaota utando wa kahawia, unaoteleza, wa kuchukiza.

Kitindamimba alikuja akaziba pua kabla hata hajanusa. "Mama, linaoza?"

"Linakomaa. Hata wewe ulipita hapo."

Binti akacheka bila kutaka. Akavuta stuli. Mama akamwonyesha pampu inavyosukuma maji, na chombo kinavyokusanya uchafu kwa povu. Walipomaliza, binti akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikutaka ile ya nusu mwaka. Lakini kweli naogopa utaanguka tena."

"Basi niletee fundi aweke vyuma vya kushikilia bafuni. Na chukua ufunguo, uingie wakati wowote. Hilo silikatai. Kuhamishwa ndiko nakataa."

Mwisho wa mwezi uliofuata Mwenyekiti akamleta mpangaji, mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye futi mkononi. Akaanza kupima ukuta, futi ikagonga kioo. Wakati huo utando ulikuwa umesafishwa na konokono, na vipande vya kwanza vya matumbawe vilikuwa vimegundishwa kwenye mawe.

"Hili linaondoka lini?" mwalimu akauliza.

"Haliondoki," alisema Mama Pindo. "Ni zito kuliko gari."

"Na wewe, mama, unahama lini?"

"Sihami."

Mwalimu akakunja futi yake. Akamgeukia Mwenyekiti. "Ndugu yangu, hukuniambia kama nyumba ina mwenyewe." Akaomba radhi, akatoka.

"Umeniaibisha," alisema Mwenyekiti.

"Umemleta mtu kupima ukuta ambao bado nauegemea. Aibu umekuja nayo."

Hakurudi kwa muda mrefu. Simu zake zikawa za salamu tu, fupi, kama za mtu anayelipa kodi. Mama Pindo alilia, nani asingelia, tena zaidi ya mara moja. Lakini akishafuta macho alikwenda kuyapima maji yake. Matumbawe yakafunguka. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wakagombania pango moja, na watoto wa majirani wakawa hawaondoki dirishani.

Mwenyekiti alitokea mchana mmoja bila taarifa, akiwa na shati lake jeupe la ofisini na hotuba usoni. Akafungua mdomo. Umeme ukakatika.

Pampu zikanyamaza. Mama Pindo alishuka kwenye stuli upesi.

"Hewa! Hawa watakosa hewa. Shika jagi. Chota, mimina kutoka juu, maji yapige maji."

"Mama, mimi nimekuja tuzungumze..."

"Zungumza huku unamimina."

Akachota. Akamimina. Mama naye upande wa pili, na jagi lake. Mikono ya shati ikalowa hadi kwenye viwiko, tai ikaingia majini, samaki mmoja akaja kuidonoa. Mwenyekiti akaitazama, akataka kucheka, akajizuia. Mikono ilimuuma lakini hakuliweka jagi chini.

"Hata hivyo, mama," alisema akihema, "mimi sijakubali."

"Sikukuomba ukubali. Mimina."