Ukuta Mbichi

Fondo, mume wangu, alipopigiwa simu kwamba Claire wa kule Haiti yuko Diani kwa mkutano na Jumamosi atakuja kwetu Kombani, hakufurahi. Aliketi kizingitini akashika kichwa. Nikamwambia, "Baba Mwero, mgeni ni baraka. Hiyo sura ya matanga ni ya nini?"

"Anakuja kuiona nyumba yangu ya udongo."

Aka! Nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Fondo ni fundi. Baada ya lile tetemeko la Haiti la mwaka wa 2021, shirika moja lilimpeleka kule akawasaidie watu wa milimani kujenga upya. Nyumba zao za zege zilikuwa zimewaangukia. Dari ya zege ndiyo iliyomuulia Claire watoto wake wawili. Fondo akawaonyesha nyumba zetu hizi za fito na udongo, ambazo hata zikitikiswa haziui mtu. Wakakataa. Walisema ni nyumba za mafukara, afadhali wangoje saruji mahemani. Basi akasimama mbele yao akasema, "Kwetu mimi nalala humo humo, na mke wangu na wanangu, wala sioni haya." Claire ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Yeye ndiye aliyeyatia maneno yale katika lugha yao, nao wakamwamini kwa sababu ni mfiwa mwenzao. Wakaanza kukandika, nyumba moja moja, polepole, na hata leo hawajamaliza.

Wala siku ile hakusema uongo. Uongo tuliujenga aliporudi. Ujira wa kule ndio uliotupa nyumba ya mawe, dari ya zege, madirisha ya vioo. Nami niliitaka, sikatai. Nilichoka kuchekwa na jirani yangu Mwanapili, eti mume kapanda ndege na mke bado anachezea matope. Nyumba ya udongo iliyobaki uani ni ya marehemu mavyaa, na wanaolala humo ni mbuzi.

"Mwambie ukweli," nikasema.

"Nitamwambiaje? Vijana wa kule wameanza kudai zege tena. Jumamosi atawapigia simu ya video, wote wamekusanyika, waione nyumba ya mwalimu. Nikisema ukweli, yeye ndiye atakayeitwa mwongo na watu wake."

Nilijua kwamba njia ya mwongo ni fupi, na bado nikaifuata. Ijumaa tukaitisha mweria. Majirani wakaja, wanawake wakateka maji, wanaume wakakanyaga udongo, mimi nikasonga ugali wa watu wote. Mbuzi wakatolewa, samadi ikazolewa, kuta zikakandikwa upya ndani na nje. Mwanapili, matope hadi viwikoni, akasema, "Wenzenu hujenga wapate pa kukaa. Nyie mnajenga mpate pa kujificha."

Jumamosi alasiri Claire akashuka kwenye tuktuk, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe. Akanikumbatia kama tumenyonya ziwa moja. Kisha akaitazama nyumba ya mawe, akauliza, "Na hii?"

"Ya jirani," Fondo akasema, macho chini. Mwanapili akakohoa.

Simu ikawashwa. Nyuso zikasongamana kwenye kioo, wazee mbele, wakipunga mikono. Claire akaingia ndani akiwaonyesha kitanda, chandarua, sufuria zangu tulizozihamishia humo asubuhi. Nikaanza kupumua. Kisha akaegemeza kiganja ukutani, kama afanyavyo yeyote aliyezoea nyumba ya udongo.

Kiganja kikazama.

Hakukiondoa. Alimtazama Fondo tu. Na wakati huo huo jua lilikuwa linashuka, mbuzi wakarudi kwao. Beberu akapita katikati ya miguu yetu, akaenda kujilaza chini ya kitanda, mahali pake pa siku zote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kisha nikaona haya hata kwa kutamani hivyo mbele ya mtu yule.

Kwenye simu mzee mmoja akauliza jambo. Claire akamjibu taratibu, nao wakapiga makofi. Akazima simu.

"Wameuliza nini?" Fondo akanong'ona.

"Wameuliza kama kweli umekaa humu miaka yote. Nimewaambia nimeushika ukuta kwa mkono wangu, umekauka zamani."

Machozi yakamtoka mume wangu. "Dada yangu, niwie radhi."

"Sikukusitiri wewe," Claire akasema. "Kule kuna watoto wamelala ndani ya maneno yako."

Akatoka uani akaomba maji. Nikachukua kata, nikammiminia anawe. Matope yakatoka, maji yakateremka meupe, naye akaendelea kusugua kile kiganja. Nikachota tena, nikaendelea kumimina.