Watoto Aliozaa, Walio Hai

"Kata hapo," LaRue alisema, ukucha wake ukigonga karatasi. "Jina, umri, basi. Huko mbele hakuna cha maana, na ukiyaacha yote picha ya bibi haitapata nafasi."

Thora alikuwa ameshika mkasi wa mawimbi, ule unaoacha ukingo wa karatasi kama ukingo wa pai. Hakukata.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Julai, na meza ya jikoni ilikuwa haionekani kwa gundi, picha za kahawia na vipande vya karatasi ya rangi. Jumamosi ukoo mzima wa Jorgensen ungekutana bustanini, watu mia na ushee, na albamu ilitakiwa iwe mezani kando ya viazi vya jibini na ile jeli ya kijani yenye karoti, ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kutoileta. LaRue, mdogo wake Thora, mwenye miaka sabini na mmoja, ndiye mwenyekiti wa kamati ya albamu. Nani alimchagua, usiniulize. Sheria zake zilikuwa fupi: kila mwanamke wa ukoo ukurasa mmoja, picha moja, mume, watoto, tarehe. Hakuna hadithi ndefu.

Karatasi waliyokuwa wakiigombania ilikuwa nakala ya daftari la sensa ya mwaka 1910. Thora aliitafuta mwenyewe maktaba, siku mbili mbele ya mashine akizungusha mkanda wa picha mpaka machozi yakamtoka, hadi alipompata bibi yao mzaa baba: Maren, mke, miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Denmaki.

"Soma hapa," Thora alisema. "Watoto aliozaa: tisa. Walio hai: saba."

LaRue alihesabu kwa vidole. "Saba tunawajua. Na Niels aliyekufa na dondakoo, wa nane." Kidole cha tisa kilibaki hewani, akakikunja haraka. "Karani kakosea. Wale walikuwa wanaandikia juu ya shingo ya farasi, dada. Huyuhuyu kamwandika babu kuwa mwanamke, hukuona?"

"Nimeona."

"Sasa je!"

"Karani hawezi kujitungia mtoto, LaRue. Aliuliza, Maren akajibu."

Watu wa bonde hili la Sanpete watakutajia mababu zao vizazi sita nyuma, na meli waliyokuja nayo, na ng'ombe aliyewafia njiani. Kumbukumbu za wafu ndiyo kazi yao ya Jumapili. Lakini yapo mambo hawayasemi hata uwabane mlangoni.

"Wanawe wenyewe hawakujua," Thora aliendelea. "Baba kafa hajui kama kulikuwa na wa tisa. Halafu akaja mtu baki, kofia mkononi, akamuuliza swali moja, naye akamwambia. Labda ni kwa sababu aliulizwa tu."

LaRue aliiweka chini chupa ya gundi. "Lakini hapa si Maren tunayemzungumzia."

"Si yeye."

"Basi ngoja." Alivuta ukurasa mwingine kutoka chini ya rundo. Ulikuwa wa Thora mwenyewe. Binti yake Jolene aliuchapa kwenye kompyuta, herufi zenye mikia mirefu. *Thora na Eldon. Watoto wanne.* "Jolene amejitahidi. Usije ukaniharibia ukurasa."

"Nimezaa watano."

"Nani hajui kama umezaa watano? Nilizifua shuka zako mimi!" LaRue aliupangusa ukurasa kwa kiganja. Kisha akasema taratibu: "Lakini utaandika nini, dada? Jina hana. Kaburi hulijui. Utaweka nukta?"

Hilo lilimchoma Thora, kwa kuwa lilikuwa kweli. Ilikuwa Februari 1946. Mimba ilikuwa imetimia. Hospitalini walimlaza kwa dawa, na alipoamka chumba kilikuwa kimesafishwa na kila mtu alikuwa na adabu nyingi. Nesi alimwambia, "Bado kijana, utapata wengine." Eldon alirudi kesho yake na udongo kwenye buti, akakaa kando ya kitanda, akauliza kama amekula. Miaka kadhaa baadaye Thora alienda kwa siri kuangalia daftari la makaburi la mji. Waliozaliwa wafu hawakuwa wakiandikwa.

Kwa hiyo mtu pekee aliyebaki anayejua kaburi lilipo alikuwa Eldon. Na Eldon alikuwa anaondoka kidogo kidogo. Machi waliikuta kofia yake kwenye jokofu, wakacheka. Juni alimuuliza Jolene ni binti wa nani, na hapo hakuna aliyecheka.

Thora alisimama, akavua aproni.

"Thora, usimsumbue mzee," LaRue alisema.

"Nisipomsumbua leo nitamsumbua lini?"

Eldon alikuwa kwenye banda lake la useremala, anasugua ubao kwa msasa. Nusu ya makabati ya mji ule yametoka mikononi mwake. Ubao ule haukuwa wa chochote, lakini aliusugua kwa kufuata nyuzi za mti, akipuliza vumbi, akipitisha kidole gumba, kama kwamba mteja anasubiri nje.

"Karibu, mama," alisema. Alimwita hivyo tangu Jolene azaliwe. "Chakula tayari?"

"Bado. Eldon, nataka kukuuliza kitu." Alishika ukingo wa meza ya kazi. Miaka arobaini na minane, na sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matatu. "Mtoto ulimzika wapi?"

Msasa ulisimama. Thora aliogopa kwamba atamuuliza mtoto gani. Lakini Eldon aligeuka, na macho yake yalikuwa safi kabisa, ya zamani.

"Umeuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Daktari alinikataza kukutajia. Alisema, mwache, akiwa tayari atauliza mwenyewe." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nikangoja. Tukiwa shambani nasema leo atauliza. Tukiwa garini, nasema leo. Hukuuliza, mama."

"Mimi nilikuwa nangoja useme wewe!"

Wakatazamana. Thora alikuwa amempikia mwanamume huyu chai ya asubuhi, amempigia pasi mashati, amemzalia watatu wengine, na chini ya hayo yote alikuwa amemwekea hasira ambayo hakuwahi kuitoa nje. Sasa hasira ile ilikosa pa kukaa, na alipoitafuta alikuta huzuni tupu, nyingi kuliko alivyodhani.

"Wapi, Eldon?"

"Ardhi ilikuwa barafu," alianza. "Mimi na baba tuliwasha moto juu yake kwanza, ilainike. Tukachimba. Baba akavua kofia. Ilikuwa pale..." Aliinua mkono kuelekea mlangoni, mkono ukayumba, ukatafuta upande huu na ule. "Pale karibu na... Kulikuwa na ua wa waya. Au ule ulikuwa wa kondoo?" Aliushusha mkono. "Nilikuwa nayo sasa hivi, mama. Nilikuwa nayo."

"Usijali."

"Nimeitunza miaka yote hiyo!"

"Najua. Usijali, baba." Alimkalisha kwenye kigoda, naye akakaa karibu yake mpaka magoti yao yakagusana. Alimwacha alie, kisha akauliza taratibu, kwa sababu karani mwenye akili huanza na swali jepesi: "Alikuwa anafananaje, kijana wetu?"

"Kijana?" Eldon alimshangaa. "Alikuwa msichana. Nywele nyingi, nyeusi. Mama yangu alizichana."

Miaka yote Thora alimfikiria mvulana. Alikuwa akiwatazama wavulana wa rika la mtoto yule wakienda shule, wakienda jeshini, wakioa, na uso wa kila mmoja akampa mwanawe. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote. Wavulana wale wote waliondoka kwa pamoja pale bandani, na mahali pao palisimama msichana asiyemjua hata kidogo.

"Sanduku nilitengeneza mwenyewe," Eldon alisema. "Msonobari. Sikutia hata msumari mmoja, nilichonga viungo. Nilisema misumari haifai kwa mtoto."

"Lilikuwa kubwa?"

"Hapana. Hivi."

Alinyoosha viganja vyake mbele yake, kimoja kikitazamana na kingine, na hivi havikuyumba. Nafasi iliyokuwa kati yavyo ndiyo ileile ya sanduku, kamili, kipimo cha seremala.

Kutoka jikoni LaRue aliita, akiuliza kama aubandike ukurasa au auache. Thora aliingiza mikono yake katikati ya mikono ya mumewe, akaitanua yake taratibu, kulia na kushoto, mpaka migongo ya vidole vyake ikagusa viganja vya Eldon.