Kushoto kwa Mama Mkwe

Kushindwa na mama mkwe ni jambo ambalo mwanamume mwenye akili zake hamsimulii mtu. Mimi nilishindwa naye mara tano mfululizo, mchana kweupe, huku mke wangu amekaa jukwaani anapiga makofi. Nikimuuliza alikuwa anamshangilia nani, mama yake au mume wake, ananijibu, "Nilikuwa nalishangilia lile gari jeupe."

Magari yetu yote ni meupe. Ndivyo mbio zetu zilivyo: gari dogo la aina moja, milango mitatu, injini ile ile, matairi yale yale, na kwenye injini kuna waya wenye lakiri ambao Mkaguzi anaufunga kwa mkono wake ili mtu asichokonoe. Tunayaita vidonge. Ukishindwa katika mbio hizi huna pa kujificha, maana huwezi kusema mwenzako ana gari la maana kuliko lako. Kinachobaki ni dereva, au wizi.

Mimi nilichagua kuamini ni wizi.

Siku za kazi mimi ni fundi makochi, natia sponji na kugongomelea vitambaa. Jumapili ni dereva, na jina langu uwanjani ni Namba Mbili, wala sina haja ya kueleza lilitoka wapi. Mama mkwe alifundisha watu udereva mpaka akastaafu. Nusu ya wanaoshindana naye ndiye aliyewafundisha kushika usukani, kwa hiyo wote wanamwita Mwalimu. Wao hawaoni taabu kumgusa kidogo kwa nyuma, kama madereva wanavyogusana. Mimi siwezi. Jioni yake nitakaa naye meza moja, na atakayenipakulia ni binti yake.

Lakini kushindwa peke yake nisingekufanyia makelele. Kuna kona moja tunaiita Kiwiko, na pale kila nikijaribu kumpita kwa kushoto, mama ananibana. Dereva mwingine ukimwingilia utaona kichwa kinageuka, mkono unasita. Yeye anakuja tu, kama vile mimi sipo duniani. Mara mbili nimetoka nje nikalima majani.

Na nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Katikati ya msimu alibadilika. Nikiingia kwake nikasema, "Shikamoo mama," huku nimenyoosha mkono, anaitika "Marahaba, baba" akitazama mbele, na mkono wangu unabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha basi. Alihama kiti chake cha siku zote mezani, akaenda kujibanza mwisho kabisa, kushoto kwake ukuta, ili (nilivyoona mimi) asikae jirani na mkwe wake. Siku moja alinimiminia chai pembeni ya kikombe, ikaniunguza mapaja. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba nadharauliwa, na mtu akikudharau nyumbani kwake hashindwi kukuibia uwanjani.

Baada ya mara ya tano nilikwenda kwenye banda la ukaguzi. Mkaguzi ni mtu mnene, mpole, ana tochi ambayo haiachi hata jua likiwa utosini.

"Gari la mama lina kitu," nikamwambia.

"Nimeshalipekua mara mbili, Namba Mbili. Lakiri ni ile ile niliyoifunga mwenyewe. Lina vioo vya ziada tu, na kioo hakiongezi mwendo."

"Basi pekua mara ya tatu."

"Sipekui. Kama huamini, ipo kanuni ya kubadilishana."

Kanuni hiyo tunayo wote na hakuna anayependa kuitumia. Anayelalamika na anayelalamikiwa wanabadilishana magari katika mbio zinazofuata, ukweli ujulikane. Nikasema ndiyo, tena kwa sauti. Mama akaitwa, akaja na kofia yake ngumu kwapani, mke wangu nyuma yake. Madereva nao wakasogea kusikiliza, maana ugomvi wa wakwe ni mtamu kwa asiyehusika.

"Mtasogeza kiti tu, miguu ifike," Mkaguzi akasema. "Mengine ni marufuku kugusa. Hata kioo."

Mama akakaza kofia kwapani. "Hata kioo?"

"Hata kioo, Mwalimu. Gari linachukuliwa kama lilivyo."

Akanigeukia, si shingo, mwili mzima. "Baba, una hakika unataka hivi?"

Niliona anaogopa, nikafurahi. Nilifurahi kweli, Mungu anisamehe. "Kama gari halina kitu, mama, wasiwasi wa nini?"

Mke wangu akanifinya. "We mwanamume, huyo ni mama yangu."

"Nyumbani ni mama yako. Hapa ni Mwalimu." Na kwa kuwa nilishapandwa na kiherehere, nikaapa mbele ya wote kwamba nikishindwa nikiwa ndani ya gari lake, naachana na mbio maisha. Kinyozi, ambaye ndiye anayenifuata kwa pointi na hana adabu barabarani, akapiga mluzi.

"Haya," mama akasema. "Tubadilishane." Akanipa funguo, lakini aliziachia kabla hazijafika kiganjani kwangu, zikaanguka sakafuni. Nikasema moyoni, ona, hata funguo ananitupia.

Jumapili ikafika. Niliingia kwenye gari la mama nikitafuta siri kama mtu anayetafuta kunguni. Kitu cha ajabu kilikuwa vile vioo tu. Cha nje cha kushoto kilikuwa kimekunjwa kabisa. Halafu kulia kwa usukani, karibu na mlango, alikuwa amebana vioo viwili vya mviringo, vya pikipiki, na vyote vinaangalia kushoto. Nikavitazama vikanitia kizunguzungu. Nikasema huyu mama ananitega, anataka niendeshe kama mlevi.

Taa za kuanzia zikazimika, tukaondoka. Mama, ndani ya gari langu, alikuwa mbele yangu kabla hatujafika kona ya kwanza.

Mzunguko mmoja ulitosha kunitoa ujinga. Gari lile halikuwa na kitu. Lilivuta kama langu, likachoka mlimani kama langu, na klachi yake ilikuwa na mlio wa kusaga ambao ningeona aibu kuwa nao. Nilipigwa na butwaa hata nikachelewa kubadili gia. Msimu mzima nimemwita mzazi wa mke wangu mwizi, na mwizi hakuna! Kumbe ananishinda kwa sababu ananishinda.

Mzunguko wa tatu tukaingia Kiwiko. Kwa mazoea nikapenya kushoto, naye kwa mazoea akaja juu yangu. Nikakanyaga breki, nikapona. Tulipotoka kwenye kona jasho likaniingia jicho la kushoto, likachoma, nikalifumba.

Na nikiwa nimelifumba, vile vioo vya kichaa vikapata akili. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kwa jicho moja la kulia, bila kugeuza shingo, niliona upande wa kushoto wa gari, majani, jukwaa, na Kinyozi anakuja kwa nyuma. Nilichokosa ni kipande cha ubavuni tu, pale pale ninapojipenyeza Kiwiko. Ni gari lililopangwa kwa mtu wa jicho moja.

Nilipiga kelele ndani ya kofia. Mkono wangu unaobaki hewani. Kiti cha ukutani. Chai. Funguo. Mama haoni kushoto. Hakunibana hata siku moja, hajawahi kuniona! Na sasa yuko mbele yangu ndani ya gari langu, lenye vioo vyangu, hakuna hata kimoja kinachomwonyesha upande ule, kwa sababu mimi, mkwe wake, nilidai tubadilishane.

Kinyozi akanipita kwa nje, akaelekea kushoto kwa mama. Nikaona kabisa kitakachotokea Kiwiko: mama atakuja, Kinyozi hatakanyaga breki kwa sababu Kinyozi hajui breki ni nini, na wote wawili watakwenda kwenye ukuta. Redio kwetu ni marufuku. Nikiingia pembeni kumwambia Mkaguzi, nafasi ile nitakuwa nimewaachia wengine. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikajipenyeza katikati yao, nikakaa pale.

Mbio zilizobaki nilizimaliza nikiwa kushoto kwa mama mkwe. Akija upande wangu napunguza, akirudi narudi. Kinyozi alinigonga nyuma, akanigonga tena, akatoa ngumi dirishani. Jukwaani walikuwa wananizomea. Sikuwasikia, lakini midomo niliiona. Mzunguko wa mwisho mama akapanuka kidogo, kulia kukawa wazi kama mlango wa sokoni. Ningepita. Nakwambia ningepita, nikashinda kwa mara ya kwanza tangu tuanze, na kiapo changu kikafa. Lakini nikipita, Kinyozi anaingia pale nilipo. Nilibaki. Nililia kwa hasira na woga pamoja, na sijui kipi kilikuwa kingi.

Mama akashinda.

Tulisimama, nikashuka. Madereva walikuwa wanacheka wameshikana mabega. "Namba Mbili hata umpe gari la bingwa!" Kinyozi akapaza sauti. "Ulikuwa unamsindikiza sokoni?"

Mkaguzi alikuja na tochi yake. "Sema mbele ya watu. Gari lina kitu?"

"Halina kitu."

"Na kile kiapo?"

"Nimeacha mbio," nikasema, na kilichonishangaza ni kwamba hakikuniuma.

Mama alikuwa bado ameketi ndani ya gari, kofia imeshatoka, mikono kwenye usukani. Mke wangu alikuwa ameshafika, amesimama dirisha la kushoto anampungia mkono, amejaa furaha. Mama anatazama mbele. Mke wangu akapunga tena. Kisha mkono wake ukashuka taratibu, akaniangalia mimi.

Nikazunguka upande wa kulia, nikachutama. "Mama."

"Baba. Ulikuwa wapi?"

"Kushoto kwako, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mzunguko wa tatu."

Alifumba macho. "Klachi yangu naijua inavyolia. Nilikuwa naisikia hapa hapa sikioni. Nikasema sasa atapita, sasa atapita. Nikitazama vioo, hakuna mtu." Midomo ikaanza kumtetemeka, na mimi sijawahi kumwona mama yule akitetemeka. "Ningekuua, baba. Ningemfanya mwanangu mjane kwa mikono yangu."

"Jicho lilikufa lini?"

"Katikati ya msimu. Niliamka asubuhi, nusu ya chumba haipo. Cheti cha daktari cha macho nilishapeleka mwanzo wa mwaka, kabla halijafa. Nikasema nimalize msimu tu, nikabana vioo, vikanitosha. Ulipotaka tubadilishane nikaona nikikataa mtasema mwizi, na nikisema sababu ndiyo basi tena."

"Mama, nusu ya chumba gani?" mke wangu akauliza kule upande wa pili. Mama akashtuka kusikia sauti yake. Hakujua kama yupo.

Nikainamisha kichwa dirishani, nikanong'ona haraka. "Mama, hakuna aliyeona. Mimi nimeshaacha, siku zote nitanyamaza. Vioo vyako utarudishiwa, umalize msimu wako."

Alinitazama kwa lile jicho moja, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake nikaona ananitazama kama mtoto wake wa kumzaa. "Leo umekaa wewe pale kushoto," akasema. "Jumapili ijayo atakaa mtoto wa nani? Nifungulie mlango."

Nikamfungulia. Akashuka, akanishika bega, tukatembea hivyo, mimi kushoto kwake, mpaka pale Mkaguzi alipokuwa ameinamia injini ya gari la mama akimulika lakiri. Madereva walikuwa bado wanacheka.

"Mkaguzi, funika hiyo," mama akasema. "Msimu mzima unakagua magari. Leo nikague mimi."

Mkaguzi akacheka, akidhani Mwalimu kaleta utani wa mshindi. Akamwelekezea tochi usoni. Mama akanyanyua kiganja, akaziba jicho la kulia, akasimama wima kama alivyofundisha watu kukaa kwenye usukani. Mwanga ukamwingia jicho la kushoto moja kwa moja. Lilibaki wazi, halikupepesa, halikufinya. Kicheko cha Kinyozi kikakatika njiani. Mke wangu akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umeshawasha?" mama akauliza.