Mkaa wa Babu Ndani ya Jibini la Njoroge

Kila mwezi, baada ya kanisa, sisi Wakenya wa Garland, huku ughaibuni, hukutana kwa Sista Melania, nesi mstaafu, mjane mwenye kicheko cha kuponya malaria. Kiti cha kando yake kilikuwa changu. Nilikipata kwa mursik: maziwa ninayogandisha kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani, yanatoka na michirizi ya kijivu.

Jumapili hiyo nikamkuta Njoroge amekikalia. Mapajani ana jibini aliloletewa na bintiye kutoka Italia: jeupe, limejaa mishipa ya buluu.

"Hii ni Gorgonzola," anamwambia Melania, sauti imelainika kama ya mhubiri wa redio. "Wanasema kijana mmoja karibu na Milano aliacha maziwa yaliyoganda yakining'inia, akakimbilia kwa mpenzi wake. Asubuhi akaficha kosa kwa kuchanganya na mengine mapya. Kuvu ikaingia. Siku hizi wanalitoboa kwa sindano ndefu, hewa ipite, kuvu ienee."

"Kumbe ni mapenzi!" Melania akacheka. Kile kicheko changu!

Nikadakia: "Kuvu gani? Huo ni mkaa. Babu yangu alipigana vita Italia, akawafundisha mursik. Kibuyu chake kilikuwa kikubwa, kikosi kizima kilivukia mto ndani yake."

Melania akafanya kama mamake alivyokuwa akipima mursik kule Kericho: akasugua tone la mursik niliyoleta kiganjani, likaacha weusi. Akasugua jibini. Mafuta tu, na harufu ya soksi.

"Mzee Cheruiyot, babu yako alisahau mkaa nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Njoroge akacheka kuliko wote, akainuka kwenda kuleta mkate. Nikaingia kitini kabla hakijapoa.

"Ukweli, sista," nikanong'ona, "babu ndiye yule kijana. Mambo ya mpenzi tulifichwa na familia."

"Onja kwanza, mwongo wewe."

Nikaonja jibini: likayeyuka laini kama siagi, tamu, kisha likauma ulimi. Lilikuwa zuri. Nilikasirika sana.

Njoroge akarudi na mkate mkononi, hana pa kukaa. Melania akavuta kiti kingine, akamweka upande wake wa pili. Hivi mwanamke mmoja anahitaji pande mbili za nini? Basi nikala lile jibini lote, na ganda lake, Njoroge asibaki na chochote cha kusimulia.