Mvinyo Ulionionja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya friji la mvinyo la hoteli yetu hapa Arusha, nimevaa viatu vya kazini na nguo za kulalia. Chupa moja ya kijani iliyokuwa rafu ya juu ikagonga kioo kwa ndani, mara mbili, kwa adabu.

"Eliamani," ikasema, "kesho una mtihani."

Nikaijibu kwamba najua. Saa nne asubuhi Madam Kweka, msimamizi wa mgahawa, atanimiminia mvinyo mweupe wa chupa hiyohiyo na kuniuliza una ladha gani. Nikijibu vizuri, nakuwa mhudumu mkuu wa vinywaji. Nikishindwa, narudi kubeba supu, kazi ambayo nimeifanya miaka sita na mgongo wangu unaifahamu.

"Basi twende kwetu," chupa ikasema. "Utanielezaje na kwetu hujafika?"

Nilitaka kukataa, maana kulikuwa na jambo ambalo sikutaka chupa ile ilijue. Lakini mlango wa friji ulikuwa umeshafunguka, na ndani hakukuwa na rafu tena, bali barabara ya changarawe yenye upepo mkali. Nikaingia.

Tunafika pwani ya magharibi ya Afrika Kusini kwa hatua nne. Mpakani amekaa kipimajoto aliyevaa sare iliyopigwa pasi.

"Wa moto au wa baridi?" ananiuliza.

Swali hilo nimewauliza wageni maelfu ya mara, wa soda, wa bia, hata wa maji, kama wanavyouliza wahudumu wote nchini kwetu. Sikuwahi kuulizwa mimi.

"Wa moto kidogo," nasema.

"Nyuzi thelathini na saba," anasoma. "Hapa tunapokea nane hadi kumi. Kasimame kwenye ukungu."

Nasimama kwenye ukungu. Unapanda polepole kutoka baharini, unanikagua kola, unaniingia mifukoni, unasoma kitambulisho changu cha kazi na kukirudisha. Napoa taratibu, na nakiri kwamba nilifurahia.

Kumbe kile kijitabu cha taratibu za kuhudumia mvinyo alichotupatia Madam Kweka, nilichokikariri wiki mbili, watu wa mji ule wa pwani wanakifuata kama sheria ya nchi. Watu wanasalimiana kwa kushikana vifundo vya miguu, kama glasi inavyoshikwa mguuni, kwa sababu ukimshika mtu tumboni utampasha joto. Kila kitu kinajazwa theluthi moja tu: ndoo, mabasi, hata kanisa, ambalo theluthi zake mbili za juu zimeachiwa harufu. Na hakuna anayefungua kinywa kabla ya kuonyesha lebo yake. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha zabibu ananigeuzia kifua nisome: Magrieta, mwaka 1974, mteremko wa kusini, hana sukari.

Najiangalia. Kifuani pangu pameandikwa: Eliamani Swai, mwaka 1989, Machame, kati ya migomba na kahawa.

"Ardhi nzuri," anasema Magrieta. "Haya, sasa unaweza kuongea."

Namuuliza njia ya shambani, naye ananionyesha kwa theluthi ya kidole.

Shambani nabaki mdomo wazi. Mizabibu imepangwa mistari hadi karibu na maji, mibichi, imetulia. Kando yake anapita Mama Benguela, ule mkondo mkubwa wa bahari unaotoka kwenye baridi ya kusini. Ni mama mnene wa kijani, amenyanyua pindo la gauni asikanyage mwani. Kwa mkono mmoja anafunika mashamba kwa ukungu, na kwa mwingine anayapepea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Punguza sauti, hizi bado hazijaamua."

"Zinaamua nini?"

"Kuiva. Jua linataka kuzikimbiza, mimi nazizuia. Zabibu ikiiva kwa pupa inakuwa tamu tu, haina la kusema."

Sijawahi kuona mtu anasubiri kwa bidii namna ile. Huku kwetu anayesubiri huwa amekaa. Yule mama alikuwa anafanya kazi jasho likimtoka, na jasho lenyewe baridi. Nilimpenda palepale.

"Sasa taratibu ya mezani," chupa inasema. "Kabla ya kumimina, mwenyeji anaonja kidogo."

Nanyoosha mkono kupokea glasi.

"Mwenyeji ni mimi," inasema.

Inanishika kifundo cha mguu, inaninyanyua kwenye mwanga, inanizungusha mara tatu, inaninusa, kisha inanionja kidogo.

"Mwanzoni kuna woga," inasema. "Katikati kuna ndizi, ndizi nzuri sana. Mwishoni kuna uongo, na unakaa mdomoni muda mrefu."

Mama Benguela akageuka kutazama upande mwingine, kama watu wanavyofanya mgeni anapoaibika.

Basi nikasema. Miaka mitatu nimewaambia wageni kwamba mvinyo huu una ladha ya ndimu na tofaa, huku nimefumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka. Sijawahi kuuonja hata tone. Hotelini wafanyakazi hatuonji, na nyumbani mke wangu anaimba kwaya, pombe haivuki kizingiti. Ndimu na tofaa niliyasoma nyuma ya chupa. Wageni walikuwa wakiniamini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Kesho nitamwambia Madam ukweli," nikasema. "Nitasema sijawahi kuuonja." Nilijua maana yake ni supu, na nilimaanisha.

Chupa ikaniweka chini kwa upole. Mama Benguela akajaza glasi theluthi moja, akanipa.

Nikanywa. Tofaa halikuwemo hata kidogo. Kulikuwa na majani yaliyofyekwa asubuhi, pilipili hoho mbichi, halafu pasheni, na mwisho kabisa chumvi kidogo ya bahari, safi. Ulikuwa mvinyo mzuri kiasi kwamba nilitaka kulia. Nililia theluthi moja, kwa kufuata sheria.

Nikaamka. Kumeshakucha, na mke wangu Ndeonasia amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kitambaa cha kichwa.

"Leo namwambia Madam ukweli," nikamwambia kabla hata sijakaa. "Kwamba ule mvinyo sijawahi kuuonja. Wakinirudisha kwenye supu, sawa."

"Umeamua vizuri, Baba Nuru," akasema, akaniinamia kunishika bega. Akasita. Akanusa.

"Jana tulikula nini?"

"Ugali na maharage."

"Mbona kinywa kinanukia pasheni?" Akanusa tena, kwa makini. "Na hoho. Na majani, kama siku wakifyeka uwanja wa kanisa."

Nikalamba mdomo. Chumvi.

Hii ni saa moja na robo, na bado nimekaa kitandani. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kweli ya kumpelekea Madam Kweka, na sasa siwezi kuisema.